Punje Nzima: Dona, Kimea na Togwa katika Afya ya Kila Siku

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki siku huanza kwa uji na kumalizika kwa ugali. Nafaka itumikayo aghalabu ni mahindi, na kwa kuwa chakula hiki huliwa kila siku, kasoro ndogo katika utayarishaji wake haiwi ndogo tena baada ya mwaka kupita. Hali kadhalika, hatua ndogo yenye manufaa, ikirudiwa jikoni kila siku, yaweza kufanya kazi ambayo zahanati haiwezi kuifanya kwa vidonge. Makala haya yanaeleza yaliyomo katika punje ya hindi, yanayopotea mashineni, na manufaa ya mbinu tatu za nyumbani: kusaga dona, kuotesha kimea na kuchachusha togwa. Yanaeleza pia mipaka ya mbinu hizo, kwani kitu kuwa cha asili si ushahidi wa kutosha kwamba ni salama.

Punje na sehemu zake

Msomaji achukue punje moja ya hindi kavu, ailoweke usiku kucha, kisha aipasue kwa urefu kwa kisu kikali. Ataona sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni ganda la nje, jembamba na gumu, ambalo ni kiasi cha asilimia 5 hadi 6 ya uzito wa punje. Ya pili ni sehemu kubwa ya ndani, nyeupe au ya njano, yenye wanga mwingi. Hii ni zaidi ya asilimia 80. Ya tatu ni kiini, kile kijisehemu laini kilicho karibu na ncha, ambacho ndicho huota mmea mpya. Kiini hakizidi sana asilimia 11 au 12 ya punje, lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya mafuta yote ya punje, protini iliyo bora kuliko ile ya sehemu ya wanga, na kiasi kikubwa cha vitamini na madini.

Mpangilio huu una sababu yake. Wanga ni akiba ya chakula cha mche mchanga, na kiini ni mche wenyewe. Kila kilicho hai huhitaji zaidi ya nishati: huhitaji viungo vya kujenga mwili na vya kuendesha kazi zake. Ndiyo maana mambo hayo yamelundikana pale uhai ulipo.

Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, ganda na kiini huondoka pamoja na kuwa pumba. Gramu 100 za unga wa dona huwa na takriban gramu 4 za mafuta, ilhali sembe iliyokobolewa sana hubakiwa na gramu moja hivi. Vitamini B1, yaani thiamini, hupungua hadi chini ya nusu. Nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hupungua vilevile. Nishati peke yake ndiyo haipungui. Kwa hiyo mlaji wa sembe hushiba sawasawa na mlaji wa dona, na shibe hiyo humfanya asitambue kilichokosekana. Pumba nazo hupelekwa kwa kuku na nguruwe, ambao kwa njia hiyo hupata vitamini zilizokuwa haki ya mtoto.

Funzo la mchele na funzo la mahindi

Madhara ya kukoboa nafaka yaligunduliwa kwanza katika mchele. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, aliona kuku wake wakilegea miguu na kuugua kwa namna iliyofanana na ugonjwa wa beriberi wa binadamu. Kuku hao walikuwa wakilishwa mchele mweupe uliokobolewa. Walipopewa mchele wenye ngozi yake, walipona. Hatimaye ilifahamika kwamba kilichokosekana ni thiamini, na mwaka 1929 Eijkman alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mahindi yana funzo lake, ambalo ni gumu zaidi. Mmea huu ulilimwa kwanza Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, nao ulifika katika mwambao wa Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari. Huko Meksiko wenyeji walikuwa na desturi ya kuyachemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Faida ya desturi hiyo ilikuja kueleweka baadaye sana: vitamini iitwayo niasini imo katika mahindi, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Mahindi yalipoenea Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Afrika, mbegu ilisafiri lakini elimu ya jikoni ilibaki kwao.

Matokeo yake yalikuwa ugonjwa wa pelagra, ambao huchubua ngozi penye jua, huleta kuharisha, na hatimaye huvuruga akili. Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alithibitisha kwamba pelagra iliyowashika maskini wa majimbo ya kusini mwa Marekani haikuwa ya kuambukiza, bali ilitokana na chakula duni cha unga wa mahindi bila maziwa, nyama wala kunde za kutosha. Wala jambo hili si la kale tu. Mwaka 1990 wakimbizi zaidi ya 18,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra. Posho yao ilitegemea mahindi, na karanga, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwapatia niasini, zilikuwa zimekosekana kwa miezi kadhaa.

Katika mafunzo haya mawili mna kanuni moja. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona peke yake haitoshi. Niasini yake imefungwa. Aidha, katika kiini na ganda mna kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikamana na madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasiingie mwilini. Mahali pa dona ni pamoja na karanga au maharage, mboga za majani, na dagaa au maziwa kila vinapopatikana. Na kwa kuifungua akiba iliyofungwa ndani ya nafaka, wazee wa sehemu hizi nao walikuwa na elimu yao ya jikoni, yaani kuotesha na kuchachusha.

Kimea: hesabu ya kikombe cha mtoto

Mtoto akifikisha miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, naye huanzishiwa uji. Hapo ndipo watoto wengi huanza kudhoofika, hata katika nyumba zisizokosa unga. Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu rahisi.

Unga unapopikwa, wanga wake hunyonya maji na kuvimba. Kwa hiyo uji ambao mtoto aweza kuunywa bila taabu hubeba unga kidogo mno, yapata gramu 5 katika kila gramu 100 za uji. Kikombe cha robo lita huwa na gramu 12 na nusu za unga, ambazo hutoa takriban kilokalori 45. Mtoto wa mwaka mmoja anayeendelea kunyonya huhitaji kilokalori zipatazo 550 kwa siku kutoka katika vyakula vingine. Akitegemea uji huo mwepesi, hana budi kunywa vikombe 12 kwa siku. Tumbo lake hutosheka kwa kikombe kimoja kwa wakati. Hakuna mama awezaye kumnywesha mtoto vikombe 12, wala hakuna mtoto awezaye kuvinywa. Mtoto hulala tumbo limejaa na mwili una njaa.

Uji ukiongezewa unga hadi gramu 20 katika kila gramu 100, kikombe kilekile hutoa kilokalori 175 hivi, na vikombe vitatu hukaribia kutosha. Lakini uji huo huwa mzito kama ugali laini, na mtoto huukataa. Kimea ndicho kitatuzi cha mgongano huu.

Nafaka inapoota, hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilasi. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuukata wanga kuwa sukari ndogondogo ili mche upate chakula. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikikorogwa katika sufuria ya uji mzito, wanga hukatwakatwa kwa namna hiyohiyo, na katika muda wa dakika chache uji huteleza kama maji ya mchele, ilhali unga wote umo ndani yake. Kuotesha hupunguza pia fitati, hivyo chuma na zinki hupatikana kwa urahisi zaidi. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa waliochunguza mbinu hii na kuieneza.

Kutengeneza kimea hakuhitaji mtambo. Ulezi hupembuliwa, huoshwa, na kulowekwa usiku kucha. Maji humwagwa, na nafaka hutandazwa katika kikapu safi, ikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mahali pasipo na jua. Hunyunyiziwa maji safi asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vijimizizi hutokeza. Ndipo nafaka huanikwa juani hadi ikauke kabisa, hufikichwa ili mizizi na machipukizi yatoke, hupetwa, kisha husagwa.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa sana. Kwanza, joto la kuchemka huua vimeng'enya. Sufuria iepuliwe na uji uachwe upoe kidogo, hadi uweze kuonjwa bila kuunguza ulimi, ndipo kimea kitiwe. Uji ukishateleza, urudishwe motoni uchemke tena, kwani unga wa kimea waweza kuwa na vijidudu vilivyoingia wakati wa kuoteshwa. Pili, mtama ukioteshwa hutengeneza katika machipukizi na mizizi yake kemikali itoayo sianidi, ambayo ni sumu. Atumiaye mtama hana budi kuyaondoa machipukizi yote na mizizi yote baada ya kukausha. Kwa uji wa mtoto, ulezi ni chaguo la salama zaidi.

Togwa: asidi inayolinda

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na kwingineko nchini, togwa ni kinywaji cha shambani, cha wageni na cha watoto. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe hadi uwe vuguvugu, hutiwa kimea, na mara nyingi huongezewa kikombe cha togwa ya jana kiwe chachu. Hufunikwa, na baada ya saa 12 hadi 24 huwa na ladha ya ukakasi wa kupendeza.

Wafanyao kazi hiyo ni bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Hula sukari iliyotolewa na kimea na kuigeuza kuwa asidi, hata kipimo cha ukali wa asidi, yaani pH, kikashuka hadi chini ya 4. Katika hali hiyo bakteria wengi waletao kuharisha hushindwa kuzaliana. Jambo hili ni kubwa katika nyumba ya mkulima. Mama apikaye uji asubuhi kisha akaenda shambani huuacha kwa saa nyingi, na uji wa kawaida, ukiwa vuguvugu, ni makao mazuri ya vijidudu. Uji uliochachushwa hujilinda wenyewe kwa muda.

Utafiti uliofanywa na Wilbald Lorri wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watoto wa kijijini nchini Tanzania waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko watoto ambao hawakuupata. Hata hivyo asidi si badala ya usafi. Maji ya kisima kichafu, kibuyu kisichooshwa na mikono yenye uchafu huweza kuishinda. Togwa isiachwe siku nyingi, kwani hamira za hewani huanza kuigeuza kuwa pombe. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi togwa wala uji wowote. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Uji uwapo dawa

Mtoto akishaanza kuharisha, kinachomuua kwa kawaida si kuharisha kwenyewe, bali ni kupotewa na maji na chumvi. Zamani tiba ilikuwa ni kutundikiwa maji mshipani, jambo lililohitaji hospitali. Katika miaka ya 1960 wanasayansi walithibitisha kwamba utumbo hata ukiwa mgonjwa huendelea kunyonya chumvi iwapo imefuatana na sukari aina ya glukosi. Vitu hivi viwili hupita mlango mmoja na kuyavuta maji nyuma yao. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mchanganyiko huo kwa wagonjwa wa kipindupindu katika kambi ya Bangaon. Vifo vilivyokuwa vikifikia takriban asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Wanga wa nafaka, ukishameng'enywa tumboni, hutoa glukosi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo uji mwepesi wenye chumvi ni dawa halisi, yenye maelezo ya kisayansi. Pakiti za chumvichumvi zitolewazo zahanati ndizo za kutangulizwa, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo hupewa mtoto kwa siku 10 hadi 14. Lakini pakiti zisipokuwapo, mgonjwa asisubiri. Vijiko vinane vya chai vilivyojaa vya unga wa mahindi au mchele huchemshwa katika lita moja ya maji kwa dakika 5 hadi 7, na huongezwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Chumvi isizidi hapo, kwani ikizidi hudhuru. Ladha isiwe kali kuliko ya machozi. Uji huo hunyweshwa kidogo kidogo mara kwa mara, na uliobaki humwagwa baada ya saa chache. Mtoto anyaye aendelee kunyonyeshwa, na mwenye kula aendelee kulishwa. Desturi ya kumnyima mgonjwa chakula ili tumbo lipumzike humwongezea udhaifu.

Mipaka ya tiba hii ni lazima ijulikane. Mtoto mwenye damu katika choo, macho yaliyobonyea, usingizi usio wa kawaida, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitali mara moja, huku akijaribiwa kunyweshwa njiani kama aweza kumeza.

Sumukuvu: hatari ndani ya kitu cha asili

Punje nzima yaweza kubeba jambo jingine lisiloonekana. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri hushambuliwa na kuvu wa aina ya Aspergillus, ambao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, maarufu kwa jina la sumukuvu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa huko mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Wanaokula kiasi kidogo kwa miaka mingi hawafi ghafla, lakini hatari yao ya kupata saratani ya ini huongezeka.

Ni dhahiri basi kwamba mpenda dona ana wajibu mkubwa kuliko mla sembe, kwa kuwa sumu hiyo huwa nyingi zaidi katika ganda na kiini, sehemu ambazo dona huzibakiza. Kupika hakuiondoi, wala kuchachusha hakutegemewi kuiondoa. Kinga huanza shambani: mahindi yasilundikwe ardhini, yaanikwe juu ya turubai au kichanja, na yaingizwe ghalani yakiwa makavu. Ukavu waweza kupimwa kwa chupa ya kioo iliyo kavu. Punje chache hutiwa ndani pamoja na chumvi kavu, chupa hutikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi na yarudishwe juani. Kabla ya kusaga, punje zilizooza, zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kuvu zichaguliwe na kutupwa. Wala kuku wasilishwe, kwa maana sumu huwadhuru nao.

Jambo la mwisho kuhusu dona ni mafuta yake. Mafuta ya kiini yakishasagwa na kukutana na hewa huanza kuchacha, na baada ya wiki kadhaa unga huwa na uchungu. Yafaa kusaga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili, na kuuhifadhi unga mahali pakavu penye ubaridi.

Hitimisho

Viwanda vikubwa hurutubisha sembe kwa vitamini na madini, nayo ni hatua njema. Hata hivyo mahindi mengi bado husagwa katika mashine ndogo za mitaani na vijijini, na huko uamuzi ni wa mwenye debe. Asemapo tu kwamba mahindi yake yasikobolewe, amehifadhi kwa neno moja akiba iliyomo katika kiini. Alipiye ushuru wa kukoboa na kusaga hulipa zaidi ili apate pungufu.

Uamuzi huo haukamiliki, hata hivyo, bila kuchambua punje kwa makini, kuweka kunde na mboga kando ya ugali, na kutia kijiko cha kimea katika kikombe cha mtoto. Mahindi yalipoletwa katika nchi hizi yaliachwa nyuma na elimu yake. Elimu ya kimea na togwa imo humuhumu nchini, katika mikono ya akina bibi ambao hawakuwahi kulisikia jina la amilasi. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani na amwulize togwa yake huitayarishaje, kabla mtoto wa miezi saba hajaanza kukataa uji.